Naamani Alimsahau Msichana

Somo: 2 Wafalme 5:1–19



Juma hili la Mei limebeba tarehe mbili ambazo kalenda ya kanisa haizitaji, nami naona zinastahili kutajwa mbele za Mungu kwa shukrani. Tarehe 14 Mei 1796, katika mji mdogo wa Berkeley huko Uingereza, daktari Edward Jenner alimchanja mtoto wa miaka 8 kwa majimaji ya ndui ya ng'ombe, na hapo ndipo chanjo kama tunavyoijua ilipoanzia. Tarehe 8 Mei 1980, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliokutana Geneva ulitangaza kwamba ndui imetokomezwa ulimwenguni kote. Kutoka mwaka ule wa kwanza hadi wa pili ilipita miaka 184. Mpaka leo ndui ndiyo maradhi pekee ya binadamu yaliyofutwa kabisa.

Vijana wetu hawaijui ndui, na tumshukuru Mungu kwamba hawaijui. Ilianza kwa homa kali na maumivu ya mgongo, kisha mwili ukajaa malengelenge ya usaha, mengi zaidi usoni na mikononi. Aina yake kali iliua watu wapatao 3 katika kila 10 walioipata. Waliopona walibaki na makovu, na wengine walipofuka. Inakadiriwa kwamba katika karne ya 20 peke yake iliua watu milioni 300. Katika nchi zetu ilitembea na misafara ya biashara ya karne ya 19 kutoka pwani hadi kwenye maziwa makuu, ikiwaacha wapagazi na watumwa wamelala kando ya njia. Mwishoni mwa miaka ya 1890 iliungana na njaa ikapukutisha watu katika nchi ya Wakikuyu na Wakamba. Wazee wetu wengi bado wana alama ya chanjo yake mkononi.

Tukiwa na tarehe hizo mbili moyoni, tulisome somo letu.

Naamani alikuwa jemadari wa mfalme wa Shamu, mtu shujaa na mwenye heshima, lakini alikuwa na ukoma. Nyumbani kwake alikuwapo msichana mdogo aliyetekwa vitani kutoka Israeli, akimtumikia mke wa Naamani. Maandiko hayakututajia jina lake. Yeye ndiye aliyesema kwamba yuko nabii Samaria awezaye kumponya bwana wake. Kwa neno hilo la mtumwa mfalme akaandika barua, fedha na dhahabu zikafungwa, farasi na magari yakaondoka. Naamani alipofika mlangoni kwa Elisha alitazamia makubwa. Akaambiwa akajichovye mara saba katika mto Yordani, akakasirika, akageuka arudi kwao. Waliomwokoa na hasira yake walikuwa watumishi wake, waliomkaribia kwa upole wakamsihi. Basi akashuka mtoni, na ngozi yake ikarudi kuwa laini kama ya mtoto.

Tumelelewa na methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali njema, na tuendelee kuwafundisha watoto wetu. Lakini sura hii inatuonyesha upande wa pili: yupo mkuu aliyepona kwa sababu alisikia la mdogo, na angekufa na ukoma wake kama angelidharau. Ndugu zangu, nikiisoma historia ya ndui tangu mwanzo hadi mwisho, naliona jambo hilohilo likitokea kila hatua.

Tuanze Boston, Marekani, siku zile ilipokuwa bado koloni la Waingereza. Mwaka 1706 washarika wa mchungaji Cotton Mather walimpa mchungaji wao zawadi, na zawadi hiyo ilikuwa mtu. Alikuwa Mwafrika, na Mather akamwita Onesimo, kwa jina la mtumwa yule ambaye Paulo alimwandikia Filemoni kwa ajili yake. Mather alipomuuliza kama amewahi kuugua ndui, Onesimo alimweleza kwamba kwao Afrika watu huchukua usaha kidogo wa mgonjwa wa ndui na kuutia katika chale ya mtu mwenye afya. Mtu huyo huugua kidogo, kisha hashikwi tena na ndui maisha yake yote. Akamwonyesha kovu mkononi mwake. Mather akawauliza Waafrika wengine wa mji ule, nao wakamwambia yaleyale. Baadaye alisoma taarifa ya namna hiyo kutoka Uturuki, ila Onesimo alikuwa amekwisha kumtangulia.

Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, Mather aliwasihi madaktari wa mji waijaribu njia hiyo. Walikataa, na wengine wakafanya dhihaka kwamba maneno ya Waafrika yanaaminiwaje. Mtu mmoja alifikia hata kurusha bomu dirishani mwa nyumba ya Mather. Daktari mmoja tu, Zabdiel Boylston, alikubali. Njia yenyewe ilikuwa na hatari, maana ilitumia ndui halisi: kati ya watu takribani 240 aliowachanja, 6 walikufa. Lakini kati ya watu karibu 6,000 walioambukizwa kwa njia ya kawaida katika mji huo, walikufa zaidi ya 840. Waliolisikiliza neno la mtumwa walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko walioziba masikio.

Jenner naye aliyasikia maneno ya watu wa zizini. Wakulima wa Gloucestershire walijua kwamba mkamuaji aliyepata ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi unaotoa vidonda mikononi, hashikwi na ndui ya watu. Huko Dorset mkulima Benjamin Jesty alikuwa amekwisha kulitumia jambo hilo mwaka 1774, akamchanja mkewe na wanawe wawili kwa sindano ya kufumia, na majirani wakamzomea. Sifa ya Jenner ni kwamba hakuyapuuza maneno ya wakulima eti kwa kuwa ni ya wakulima. Aliyapima, akayaandika, na mwaka 1798 akayachapisha ili dunia iyasome. Vidonda alivyovitumia vilikuwa mikononi mwa Sarah Nelmes, mkamuaji wa maziwa. Mtoto aliyechanjwa alikuwa James Phipps, mwana wa mtunza bustani. Tarehe 1 Julai mwaka uleule Jenner alimtia mtoto huyo ndui halisi, na haikumshika.

Hapa lazima nisimame, wapendwa, kwa sababu kuna jambo ambalo sherehe za kumbukumbu hulipita haraka. Wadogo hawakutoa maneno tu, walitoa na miili yao. Miongoni mwa watu wa kwanza kuchanjwa na Boylston walikuwapo mtumwa wake na mtoto mdogo wa mtumwa huyo, na mtumwa hana nafasi ya kukataa. James Phipps alikuwa na miaka 8 alipotiwa ugonjwa unaoua. Na Novemba 1803, kwa kuwa hapakuwa na jokofu la kuhifadhi chanjo, meli iliondoka bandari ya A Coruña, Hispania, kuelekea Amerika, ikiwa na daktari Francisco Javier de Balmis na watoto yatima 22. Walichanjwa wawili wawili. Malengelenge ya wawili yalipoiva, majimaji yake yalitiwa kwa wawili wengine, mpaka chanjo ikavuka bahari ikiwa hai katika mikono ya watoto. Isabel Zendal, mlezi wa nyumba ya yatima, ndiye aliyewatunza njiani. Maelfu kwa maelfu ya watu walikingwa kwa safari ile. Watoto wenyewe hakuna aliyewauliza.

Msichana wa Naamani naye hakuulizwa alipotekwa. Kwamba Mungu aliupitisha uponyaji nyumbani mwa mtekaji hakuugeuzi utekaji kuwa jambo jema, na kwamba Boston ilinufaika kwa maneno ya Onesimo hakuuhalalishi utumwa wake. Mungu wetu anaweza kuchota maji safi hata mahali watu walipochafua, na uchafu ukabaki kuwa dhambi ya waliouleta. Kanisa likiadhimisha sayansi bila kulisema hili, litakuwa limesoma nusu ya habari.

Sasa tuje karibu na siku zetu. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilipoanza kampeni yake ya nguvu dhidi ya ndui, nchi 31 zilikuwa bado na ugonjwa huo siku zote, na watu wasiopungua milioni 10 waliugua kila mwaka. Kampeni iliongozwa na Donald Henderson wa Marekani, kwa wazo ambalo Viktor Zhdanov wa Umoja wa Kisovieti alikuwa amelitoa mwaka 1958. Mataifa hayo mawili yalikuwa yakitishiana kwa silaha za nyuklia, lakini katika jambo hili yalikubali kuvuta kamba moja. Ilikuwapo chanjo iliyokaushwa, isiyoharibika upesi kwa joto. Ilikuwapo pia sindano ndogo yenye ncha mbili iliyobuniwa na Benjamin Rubin, ambayo mtu asiyejua kusoma aliweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi sana.

Hata hivyo chanjo haikutosha kumfikia kila mtu. Ufumbuzi ulipatikana mashariki mwa Nigeria Desemba 1966, na aliyeuona ni daktari William Foege, mmisionari wa Kilutheri. Hakuwa na chanjo za kutosha kwa jimbo zima. Jioni wamisionari walizoea kuzungumza kwa redio za mawasiliano, basi Foege akawagawia ramani, kila mmoja eneo lake, akawaomba watume watu wakimbie vijijini kuuliza kuna mgonjwa wa ndui wapi. Wajumbe hao wa vijijini, ambao majina yao hatuyajui, ndio waliomwonyesha moto ulikuwa wapi. Kwa chanjo chache alizokuwa nazo akawachanja watu waliomzunguka kila mgonjwa, na ndui ikakosa pa kupita. Njia hiyo ya kuzingira ndiyo iliyokuja kutumika duniani.

Njia hiyo ilitegemea habari, na habari zilitoka kwa wadogo. Wafanyakazi wa kampeni walitembea na picha ya mtoto mwenye ndui, wakaionyesha sokoni na shuleni, wakiuliza nani ameona mtu wa namna hii. Watoto walijibu zaidi kuliko watu wazima. Oktoba 1975, katika kisiwa cha Bhola huko Bangladesh, msichana wa miaka 8 aitwaye Bilkisunnessa alitoa habari kwamba mtoto mdogo, Rahima Banu, ana ugonjwa huo. Alilipwa zawadi ya taka 250. Rahima Banu alipona, na akawa mgonjwa wa mwisho duniani kupata ile aina kali ya ndui kwa njia ya kawaida. Kumbe msichana mdogo alisimama tena mlangoni mwa uponyaji, kama yule wa nyumba ya Naamani.

Mwisho kabisa ulikuja upande wetu wa Afrika, katika mji wa Merca kwenye pwani ya Somalia, jirani na Barawa ambako watu wanasema Chimwini, lahaja ya Kiswahili. Oktoba 1977 gari lilileta watoto wawili wagonjwa wa ndui, na dereva hakujua njia ya kwenda kwenye nyumba alikoelekezwa. Mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, aliingia garini kumwonyesha. Ilikuwa safari ya dakika chache. Maalin alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu, kama alivyokuja kusimulia mwenyewe. Tarehe 26 Oktoba vipele vilimtoka. Kwanza walidhani ni malaria, kisha tetekuwanga. Ilipojulikana ni ndui, watu wote aliokutana nao walitafutwa, na katika majuma mawili watu zaidi ya 54,000 walichanjwa mjini na vitongojini. Hakuna mwingine aliyeambukizwa kutoka kwake. Baada ya Maalin ndui haikumpata tena mtu yeyote kwa njia ya kawaida. Mwaka uliofuata ilitoroka katika maabara ya Birmingham, Uingereza, na kumwua mwanamke mmoja.

Ningependa mlisikie vizuri lililofuata. Maalin angeweza kuishi maisha yake akificha habari ile. Badala yake, miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni ya kutokomeza polio nchini mwake. Alikwenda kwa akina mama waliosita, akawaambia kwamba yeye ndiye mtu wa mwisho kuugua ndui, kwamba aliiogopa sindano, na kwamba wasifanye alivyofanya. Julai 2013, polio iliporudi Somalia, alikuwa tena katika kazi hiyo alipopata homa, na malaria ikamwua. Mpishi wa hospitali ya mji mdogo aliwafikishia watu wake ujumbe ambao wataalamu wengi wasingepokelewa nao kama yeye.

Turudi sasa kwa Naamani. Alipotoka mtoni akiwa safi alirudi kwa Elisha na msafara wake wote. Alimkiri Mungu wa Israeli, akamsihi nabii apokee zawadi. Ni shukrani ya kweli, wala simlaumu kwa hilo. Lakini someni sura yote hadi mwisho: yule msichana hatajwi tena. Hatusomi kwamba Naamani alimshukuru, wala kwamba alimwacha huru arudi kwa mama yake. Mkuu aliponywa, nabii akapewa heshima, na aliyelianzisha jambo akabaki jikoni. Hivyo ndivyo hata kumbukumbu zetu za sayansi zilivyo. Jenner ana sanamu. Onesimo alijinunulia uhuru wenye masharti kwa fedha yake mwenyewe, na kwa karne mbili watu wachache sana walimtaja.

Basi nasema hivi kwa moyo wote: tarehe 8 Mei na tarehe 14 Mei hazitaadhimishwa ipasavyo mpaka tumgeukie msichana wa Naamani aliye kati yetu.

Katika nyumba zetu nyingi yupo binti wa kazi. Anashinda na mtoto kutwa, na ndiye wa kwanza kujua kwamba leo mtoto hakunyonya vizuri, kwamba anahema kwa shida, kwamba mwili unachemka. Akisema, je, anasikilizwa, au anaambiwa amezidi kuogopa? Tena yeye mwenyewe, ambaye mara nyingi ni msichana mdogo aliyeacha shule, nani anamkumbuka? Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa kwa wasichana nchini kote Tanzania mwaka 2018, na wengi huipata shuleni. Aliye jikoni kwetu si rahisi aipate asipokuwapo mtu wa kumshika mkono na kumpeleka. Tunaweza kumtunza mwanetu kwa mikono ya binti huyu na kumwacha yeye bila kinga. Hilo ni kosa la Naamani.

Yupo pia mhudumu wa afya wa mtaa, anayetembea juani na daftari lake, tunayemwacha nje ya geti. Na yupo mama kijana katika foleni ya kliniki anayeuliza swali kwa woga akajibiwa kwa ukali. Tumwelekeze anayeuliza kwa upole, kama watumishi wa Naamani walivyozungumza na bwana wao, maana hasira haijawahi kumshusha mtu mtoni.

Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba kuchanja mtoto ni upungufu wa imani. Ninawapenda, na ninawajibu kwa somo hili. Elisha alikuwa nabii wa kweli, na Mungu wa Elisha angeweza kuponya kwa neno tu. Alichagua maji ya mto wa kawaida. Naamani aliona ni dharau, na kiburi hicho nusura kimrudishe kwao na ukoma wake. Anayempokea Mungu hupokea na njia aliyoichagua Mungu, hata ikiwa ni sindano mikononi mwa muuguzi wa zahanati ya kijiji. Imani iliyomfanya mama apange foleni tangu alfajiri ili mwanawe akingwe na surua ni imani yenye miguu.

Tuombe, wapendwa. Bwana, tunakushukuru kwa wote waliopima, waliobuni na waliotangaza, na kwa wote waliosema neno dogo lililookoa wengi bila kutajwa. Utusamehe pale tulipopona kwa jasho la mtu kisha tukamsahau. Utupe masikio ya kuwasikia wadogo, na utukinge na kiburi cha Naamani mlangoni kwa Elisha. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Na tukitoka katika sala hii twende tukatende. Juma hili kila mzazi aitafute kadi ya kliniki ya mtoto wake, aisome, na ikiwa kuna chanjo iliyopita muda wake ampeleke. Kila mwenye binti wa kazi nyumbani amuulize kwa jina lake kama amechanjwa, na ikiwa hajachanjwa ampeleke kituo cha afya kama angempeleka mwanawe wa kumzaa. Viongozi wa mitaa waniletee majina ya kaya ambazo watoto wao hawajafika kliniki, nasi tutawatembelea nyumba kwa nyumba.